Weupe kwenye picha: sukari, homoni na saratani ya matiti



Tuanze kwa kutazama picha mbili za mgonjwa mmoja. Ni mgonjwa wa mfano, nimemtunga ili asiwe mtu yeyote tunayemjua. Mama wa miaka 58. Miaka 6 iliyopita alikatwa titi la kushoto kwa saratani iliyokuwa na vipokezi vya estrojeni. Akameza tamoksifeni kwa miaka 5, akamaliza, akaambiwa arudi kliniki kila baada ya muda. Sasa mgongo unamuuma, na unamuuma zaidi usiku.

Picha ya kwanza ni ya sukari. Tunapozisoma picha hizi za PET, mara nyingi tunaziweka kwa rangi ya wino juu ya karatasi: palipokusanya dawa panakuwa peusi, pasipokusanya panabaki peupe. Tazameni. Ubongo ni mweusi tii. Moyo una weusi wake, figo zina wake, kibofu nacho kimejaa. Na mgongo? Kijivu hafifu, ambacho daktari mmoja atakiita saratani na mwenzake atasema ni mifupa ya umri huo. Picha ya pili imepigwa siku mbili baadaye, na hii ni ya homoni. Ubongo umegeuka mweupe. Ini limekuwa jeusi kiasi kwamba huoni kilichomo ndani yake. Na kwenye uti wa mgongo, pingili 4 zimejitokeza nyeusi, kingo zake wazi kabisa.

Mwili ni ule ule na ugonjwa ni ule ule. Swali nililoletewa nilijibu jioni hii ni hili: kati ya vifuatiliaji hivi viwili, yaani dawa ya sukari na dawa ya homoni, kipi bora? Nitalijibu, ingawa jibu lenyewe ni fupi. Muda mwingi nitautumia kwenye weupe. Weusi kwenye picha, kijana aliyefundishwa miezi michache anaweza kuuonyesha kwa kidole. Weupe ndio unaotuponza, kwa sababu una sababu nyingi na zote zinafanana machoni.

Kwanza, kwa nini homoni? Mwaka 1895, Glasgow, daktari wa upasuaji George Beatson alimtoa ovari mama wa miaka 33 ambaye saratani ya titi ilikuwa imemrudia kifuani bila tumaini la kukatwa tena. Uvimbe ukanywea. Beatson alichapisha habari hiyo mwaka 1896, wakati ambapo hata estrojeni yenyewe ilikuwa haijulikani. Alijua tu kwamba ovari na titi vina mawasiliano. Tatizo ni kwamba upasuaji ule uliwafaa baadhi ya wanawake na wengine haukuwafaa, na hakuna aliyeweza kusema mapema nani ni nani.

Jibu lilikuja zaidi ya nusu karne baadaye, na lilikuja kwa mionzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen na Herbert Jacobson huko Chicago waliichukua estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu zaidi mwilini, wakaibandika haidrojeni yenye mionzi, wakawadunga panya. Damu na misuli viliipokea dawa na kuiachia. Mfuko wa uzazi uliishika, tena bila kuibadilisha kikemia. Maana yake ndani ya chembe za mfuko wa uzazi kuna kitu kinachoikamata homoni. Kitu hicho tunakiita kipokezi cha estrojeni. Uvimbe wa titi ulipopimwa, ikaonekana baadhi unacho na baadhi hauna. Wenye nacho ndio waliokuwa wakinufaika na matibabu ya aina ya Beatson.

Huo mfuko wa uzazi wa panya muuweke akilini, nitauhitaji tena.

Tamoksifeni, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina na kwa joto lake la usiku, ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika kampuni ya ICI ya Uingereza, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1977. Inakalia kipokezi ili homoni ikose nafasi. Dawa nyingine, letrozoli na anastrozoli, hazigusi kipokezi. Zinapunguza utengenezaji wa estrojeni yenyewe. Fulvestranti inakikalia kipokezi na kukivunja. Tofauti hii ya nani anakalia kipokezi na nani hakigusi itarudi kututesa tukifika kwenye picha.

Sasa mashine. Florini-18 ni atomi isiyotulia. Kila baada ya dakika 110 nusu yake huwa imekwisha. Inapooza hutoa positroni, chembe inayosafiri umbali mdogo sana kabla ya kugongana na elektroni. Zote mbili hutoweka, na mahali pake huchomoka miale miwili inayokimbia pande zinazopingana, kila mmoja ukiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511. Mgonjwa amelala ndani ya pete ya vigunduzi. Vigunduzi viwili vinavyokabiliana vikigongwa kwa pamoja, kompyuta inajua tukio limetokea kwenye mstari unaoviunganisha. Mamilioni ya mistari yakikutanishwa, picha inapatikana. Kipimo tunachokitumia kinaitwa SUV. Dawa ingesambaa sawasawa mwili mzima, kila mahali pangesoma 1. Pakisoma 6, dawa imejikusanya hapo mara 6 ya wastani.

Florini yenyewe haina akili ya kutafuta saratani. Inakwenda inakopelekwa na molekuli iliyoibeba, na hapo ndipo FDG na FES zinapoachana.

FDG ni sukari. Ni glukosi iliyong'olewa kipande kimoja cha oksijeni na kuwekewa florini mahali pake. Ilitengenezwa Brookhaven, jimbo la New York, na Agosti 1976 ikasafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia, wakadungwa watu wa kwanza wa kujitolea. Waliokuwa wakiisubiri hawakuwa na habari na saratani. Walitaka kuuona ubongo. Saratani ilikuja baadaye, kwa kuwa Otto Warburg alikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1920 kwamba uvimbe hula sukari kwa pupa. FDG huingia kwenye chembe kwa njia zile zile za glukosi, huko ndani hubandikwa fosfati, na kuanzia hapo haiwezi kuendelea mbele wala kurudi nje. Ni samaki aliyeingia dema. Kadiri chembe inavyovuta sukari nyingi, ndivyo FDG inavyorundikana.

Saratani ya matiti inayokua kwa kasi, isiyo na vipokezi, FDG huionyesha vizuri sana. Tatizo ni kwamba kwa wanawake wengi duniani wenye saratani ya matiti, uvimbe una vipokezi vya estrojeni, na baadhi ya saratani hizi hukua taratibu na kula sukari kidogo. Mama wa picha yetu ni mmoja wao. Tatizo la pili mnalijua hata kama hamkusomea udaktari: kifua kikuu. Chembe za kinga zinazopambana na kifua kikuu hula sukari vilevile. Mama aliyewahi kutibiwa saratani akija na tezi nyeusi katikati ya kifua, kwenye nchi zetu huwezi kuandika ripoti kwa mkono mmoja. Tezi za mtu mwenye VVU asiyetumia dawa nazo huvuta FDG. Chanjo iliyochomwa juzi begani huvuta. Kwa hiyo FDG inakosea pande zote mbili: panapostahili weusi inaweza kuacha kijivu, na panapostahili weupe ikatia weusi.

FES ni homoni. Ni estradioli ya Jensen, safari hii imebebeshwa florini-18 kwenye kaboni ya 16. Iliundwa na mkemia John Katzenellenbogen wa Illinois akishirikiana na Michael Welch wa St. Louis, taarifa yake ilitoka mwaka 1984, na mwaka 1988 zikachapishwa picha za wanawake 13 wenye uvimbe wa titi, ambapo kiasi cha FES kwenye picha kililingana kwa karibu sana na kiasi cha vipokezi kilichopimwa maabara baada ya upasuaji. Ilichukua miaka mingine zaidi ya 30 mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani kuiidhinisha, Mei 2020. Ufaransa ilitangulia, mwaka 2016. Kuchelewa huku hakukutokana na ubovu wa dawa. Kipimo kisichokuwa na mwenye kukiuza hukaa kwenye majarida ya utafiti hata kikiwa kizuri, na hilo ni jambo la kusikitisha ambalo sitalipamba.

Kwa mgonjwa, FES ni rahisi kuliko FDG. Hakuna kufunga saa 4 hadi 6, hakuna kupimwa sukari ya damu kabla. Kipimo cha kawaida ni megabekereli 222, na dawa yenyewe haizidi maikrogramu 5, kiasi kisichoweza kumtikisa mtu kihomoni. Hudungwa polepole kwa dakika 1 hadi 2, mgonjwa akapumzika takriban dakika 80, kisha anaingia mashinini. Mionzi anayoipata ni milisivati 5 hivi, ambayo haiko mbali na ile ya FDG.

Weusi wa FES ni wa kuaminika mno. Katika utafiti uliofanyika Seoul na kuchapishwa mwaka 2019, wanawake 85 ambao saratani ilikuwa imewarudia au kusambaa walipigwa FES, na kila mmoja akakatwa kinyama kikapimwa vipokezi. Kati yao, 38 walikuwa hawana vipokezi, na wote 38 picha zao zilikuwa nyeupe. Hakuna hata mmoja aliyedanganywa. Isipokuwa ini na utumbo nitakavyovifikia, na mambo machache kama mapafu yaliyopigwa mionzi na uvimbe wa utando wa ubongo usio saratani, FES haiweki weusi bila kipokezi.

Lakini wanawake 47 waliobaki walikuwa na vipokezi kwenye kinyama, na waliokuwa na weusi kwenye picha ni 36. Kumi na mmoja hawakuonyesha kitu. Hao 11 ndio walionifanya nije kusema hapa. Lau ningekuwa nasoma picha zao bila majibu ya maabara, ningemwandikia daktari wao kwamba ugonjwa huu hauna vipokezi, na pengine mama angeanzishwa kemotherapi wakati vidonge vilikuwa bado na kazi ya kufanya.

Weupe wao umetoka wapi? Tuanze na sababu iliyo nyepesi: ukubwa. Doa lililo chini ya sentimita 1 mashine huliona hafifu kuliko lilivyo, na likiwa dogo zaidi hulipoteza kabisa. Halafu kuna wingi wa vipokezi. Maabara huita kinyama chanya hata kama chembe 1 tu kati ya 100 ina vipokezi. Macho ya mtaalamu kwenye hadubini yanaweza kuihesabu hiyo moja, mashine ya PET haiwezi. Kisha kuna mchanganyiko: sindano ya biopsi imechomwa upande wenye vipokezi, na uvimbe uliobaki hauna. Hapo picha iko sahihi na kinyama kiko sahihi, na ripoti mbili zinapingana.

Sababu ninayoiogopa zaidi ni dawa. Mgonjwa aliye kwenye tamoksifeni ana vipokezi vilivyokaliwa. FES inafika, inakuta nafasi zimejaa, inaondoka. Picha inatoka nyeupe, na ugonjwa upo, na vipokezi vipo. Tamoksifeni hukaa mwilini muda mrefu. Maelekezo rasmi yanazungumzia hadi wiki 8 baada ya kidonge cha mwisho. Fulvestranti ni hadi wiki 28. Letrozoli na wenzake hawana shida, maana hawakalii kipokezi. Na hapa nitamke jambo kwa sauti, ili asije mtu akatoka ukumbini na mpango wa kuacha vidonge: hatumwachishi mgonjwa dawa inayomfaa kwa ajili ya kupata picha nzuri. FES inapigwa kabla dawa mpya haijaanza, au haipigwi.

Kila ninapofungua picha ya FES iliyo nyeupe, mimi kwanza huangalia nyonga. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi kwa kawaida huonyesha weusi kidogo pale, kwa sababu ile ile iliyoonekana kwa panya wa Chicago. Mfuko ukiwa mweupe kabisa, nanyanyua simu kuuliza dawa kabla sijaandika neno. Hii si kanuni ya kitabuni, na baada ya kukoma hedhi dalili hiyo hupungua nguvu, ila imewahi kuniepusha na aibu.

Sasa geuzeni jambo hilo upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo kifuatiliaji hiki kinaponipendeza. Ikiwa dawa iliyokalia kipokezi huleta weupe, basi weupe baada ya kuanza dawa ni habari njema: dawa imefika na imejaza nafasi. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwapiga FES wanawake 16 kabla na baada ya kuanza fulvestranti. Kwa 10 kati yao vipokezi vilizibwa vya kutosha. Kwa 6, weusi ulibaki kwa kiwango kilichoonyesha kwamba kipimo cha dawa hakikutosha, na ugonjwa wao ulielekea kuendelea mapema. Watengenezaji wa dawa mpya sasa wanatumia mbinu hiyo kuchagua kipimo, ikiwemo elasestranti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Kwa hiyo weupe wa Januari unaweza kumaanisha kwamba dawa za homoni hazitafaa, na weupe wa Machi kwa mama huyo huyo ukamaanisha kwamba zinafanya kazi. Picha haikwambii ni ipi. Faili la mgonjwa ndilo linalokwambia.

Ini ni kero ya namna nyingine. FES huchujwa na ini na kumwagwa kwa njia ya nyongo kwenye utumbo. Ini zima huwa jeusi, na uvimbe ulio ndani yake hupotea kwenye weusi huo, au huonekana kama tundu jeupe. Ini ni moja ya sehemu ambazo saratani ya matiti hupenda kusambaa, na kwa ini, FES haina msaada. FDG, CT na MRI zinaishinda bila ubishi. Ubongo ni kinyume chake: FDG huupaka wote wino, FES huuacha mweupe, na doa lenye vipokezi likiwemo huonekana.

Kuna aina moja ya saratani ya matiti ambayo naipa nafasi yake, kwa kuwa ndiyo inayonifanya niipiganie FES kuliko zote. Ni saratani ya lobula, kati ya 10 na 15 kwa kila wagonjwa 100. Chembe zake zimepoteza protini inayozishikanisha, kwa hiyo hazijengi donge. Hupenya kwenye nyama kwa safu ya chembe moja moja. Mama akijigusa mara nyingi hakuti kivimbe, mamografia mara nyingi haioni, na FDG huikuta ikila sukari kidogo. Karibu zote zina vipokezi vya estrojeni. Kwenye mifupa, FES huitoa hadharani pale ambapo FDG imepita bila kusimama. Bahati mbaya aina hii hupenda pia kusambaa tumboni, kwenye utando na matumbo, mahali ambapo FES iliyotoka kwenye nyongo inatia vurugu. Hakuna kifuatiliaji kisicho na kasoro.

Ndiyo maana tafiti bora zimeziweka picha mbili pamoja. Huko Seattle, mwaka 2006, wanawake 47 wenye ugonjwa uliosambaa walipigwa FES kabla ya dawa za homoni. Waliokuwa chini ya SUV 1.5 walikuwa 15, na hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Waliozidi walikuwa 32, na walionufaika ni 11. Isomeni tena namba ya pili. Vipokezi vipo, vimeonekana, na bado theluthi mbili hawakupona wala kupungukiwa. Mwaka 2017 watafiti wakaongeza FDG kwenye hesabu. Wanawake ambao ugonjwa wao ulikula sukari kidogo waliishi na dawa za homoni zaidi ya miaka 2, kwa wastani wa kati, kabla ugonjwa haujaendelea. Waliokula sukari nyingi lakini wakawa na FES ya juu walipata takriban miezi 8. Sukari nyingi na FES ya chini: miezi 3 na kidogo. Sukari inaeleza kasi ya ugonjwa. Homoni inaeleza iwapo kuna pa kuushikia.

Na kama kipokezi kipo lakini kimeharibika? Hili lilifanyiwa kazi St. Louis, na ni jaribio ninalolisifu kwa werevu wake. Kipokezi cha estrojeni kinapofanya kazi, moja ya kazi zake ni kuiamuru chembe itengeneze vipokezi vya projesteroni. Kuna kifuatiliaji kingine, FFNP, kinachoshika hivyo vya projesteroni. Wakawachukua wanawake 43 waliokoma hedhi, wakawapiga FFNP, wakawapa vidonge 3 vya estradioli vya miligramu 2 kila kimoja ndani ya siku moja, kisha wakarudia picha. Yaani walikichokoza kipokezi waone kama kitaitika. Wanawake 28 ambao weusi uliongezeka, wote 28 walinufaika na dawa za homoni walizopewa baadaye. Wanawake 15 ambao picha haikubadilika, hakuna aliyenufaika. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Ni kituo kimoja na watu wachache, na matokeo yaliyonyooka hivyo hunifanya nisubiri wengine warudie. Lakini swali waliloliuliza ndilo sahihi kuliko ya FES na FDG yote mawili.

Vingine nitavipitia haraka. FAPI, iliyotoka Heidelberg, inashika chembe zinazojenga nyuzi kuzunguka uvimbe. Inaahidi mengi kwa saratani ya lobula, ila haisemi lolote kuhusu homoni. Floridi ya sodiamu na teknishiamu ya mifupa zinaona jeraha la mfupa, haziioni saratani yenyewe. Trastuzumabu iliyobebeshwa zirkoniamu-89 inatafuta kipokezi kingine kabisa, HER2.

Basi jibu la swali. Mgonjwa akiwa na saratani iliyosambaa, yenye vipokezi kwenye kinyama cha awali, na tunataka kujua ugonjwa umefika wapi: FDG ndiyo ya kwanza, kwa sababu inaona ini na inaona ugonjwa uliopoteza vipokezi. FES inaongezwa doa likiwa mahali pasipofikika kwa sindano, kinyama kikiwa hakikutoa jibu, saratani ikiwa ya lobula, au daktari anapotaka kuamua kama kuna sababu ya kuendelea na homoni baada ya dawa ya kwanza kushindwa. FES peke yake, bila picha nyingine pembeni, mimi siisomi.

Na sisi huku? Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina PET na saiklotroni. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo imejenga kituo cha aina hiyo. Florini inayotengeneza FDG ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza FES, kwa hiyo umbali ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri: kinachohitajika ni malighafi yake, mashine ndogo ya kuunganisha, wakemia, na udhibiti wa ubora. Kinachokaba ni saa. Dawa iliyokamilika saa 12 asubuhi, ikimfikia mgonjwa saa 4, imebaki na asilimia 22 tu ya nguvu yake. Ukisikia foleni ya magari ikihesabiwa kwa megabekereli, ujue uko kwenye kazi yetu.

Hata hivyo, ningepewa fedha leo nichague, nisingeanza na FES. Ningeanza na ndoo ya formalini. Kinyama kikitolewa kinatakiwa kiingie kwenye formalini ndani ya saa 1, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikikaa mezani mchana kutwa kikisubiri gari la kwenda mjini, vipokezi vinaoza. Chini ya hadubini, kiini chenye kipokezi hupakwa rangi ya kahawia, kisicho nacho hubaki buluu. Mtaalamu wa patholojia aliye makini hutafuta kwanza vijifereji vizima vya titi kwenye kipande hicho hicho. Hivyo lazima viwe na chembe za kahawia. Vikiwa buluu tupu, kipimo kimeharibika, na hana haki ya kuandika kwamba saratani haina vipokezi. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti kutoka sehemu nyingi za Afrika ulikuta kwamba vipande vilivyotolewa kwenye makabati ya kumbukumbu vilionyesha vipokezi kwa kiwango cha chini, kwa takriban asilimia 10, kuliko vilivyokusanywa kwa mpango na kuhifadhiwa vizuri. Huo ni weupe mwingine, umetokea kabla hata mgonjwa hajafika kwangu, na nyuma yake kuna wanawake walionyimwa kidonge cha bei nafuu kwa sababu ya ndoo.

Nimalizie na karatasi, kwa ajili ya madaktari waliopo na kwa ajili yenu kina mama. Siku FES itakapofika kliniki yenu, fomu ya maombi itakuwa na mstari wa dawa zinazotumika. Usiandikwe "matibabu ya homoni" ukaishia hapo. Liandikwe jina la dawa, na tarehe ya kidonge cha mwisho au sindano ya mwisho. Daktari akiusahau mstari huo, mama, mwambie yule anayekuchoma sindano kabla hajakuchoma. Tarehe hiyo ndiyo nitakayoitafuta kabla sijaitazama picha.